Ujerumani na Japani Kati ya Vita Vikuu Viwili, Kama Zilivyoonekana Kutoka Musoma

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama



Tulipoombwa na Halmashauri tuseme nanyi habari za Ujerumani na Japani katika miaka iliyo kati ya Vita Vikuu viwili, yaani tangu 1918 hata 1939, mwanachama mmoja alituuliza, "Mambo hayo ya mbali yatuhusu nini sisi watu wa Musoma?" Swali hilo ni la haki, nasi twaona heri kulijibu kwanza, maana mtu asiyejua kwa nini anasikiliza husinzia upesi, hasa baada ya chakula cha mchana.

Jibu letu ni hili. Mtu akisema "sina hela," ametaja sarafu ya Wadachi pasipo kujua, kwa kuwa tangu mwaka 1904 rupia yao katika nchi hii iligawanywa kuwa heller mia. Na mzee wa Kiriba, baba wa mmoja wetu, alipokuwa kijana akauza pamba yake na kununua shuka katika duka la Mhindi pale Musoma, shuka ile yaelekea sana ilifumwa Osaka. Hela ya Mdachi na nguo ya Mjapani zilikutana katika nyumba moja kando ya Ziwa, wala mwenye nyumba hakuwa amemwona Mjapani hata mmoja. Basi mambo haya si ya mbali kama tudhanivyo.

Yatupasa tuanze na mkataba wa Versailles, uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Kwa mkataba huo Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake yote. Tanganyika ikawekwa mikononi mwa Uingereza, kwa jina la Chama cha Mataifa, iwe kama amana. Ruanda na Urundi zikaenda kwa Wabelgiji. Na visiwa vya Wadachi katika bahari ya Pasifiki, vile vilivyo kaskazini ya ikweta, vikapewa Japani. Angalieni jambo hilo. Mwingereza aliyekuja kukaa katika boma letu na Mjapani aliyekwenda kukaa katika visiwa vile walirithi mali ya mtu mmoja, naye mwenye mali yu hai bado, ameketi pembeni akihesabu kila kilichochukuliwa.

Lakini Japani nayo, ijapokuwa ilikuwa upande wa washindi, haikutoka Paris na moyo mweupe. Wajumbe wake waliomba maneno yatiwe katika kanuni za Chama cha Mataifa kwamba mataifa na watu wa kila kabila wahesabiwe sawa. Kura zilipopigwa, 11 kati ya 17 zilikubali. Hata hivyo Rais Wilson wa Marekani, aliyekuwa mwenyekiti, akasema jambo kubwa namna hiyo halipiti ila kwa kauli moja ya wote, likaanguka. Sisi watu weusi tungeweza kushangilia ombi lile, na wengi duniani walishangilia. Twasema tu, ili tusidanganyike, kwamba wakati ule ule Mjapani alikuwa akiwatawala Wakorea tangu 1910 na watu wa Formosa tangu 1895, wala hakuwahesabu kuwa sawa naye.

Sasa tuingie Ujerumani. Mwaka 1921 washindi waliipangia deni la marki za dhahabu milioni elfu 132. Januari 1923, Wadachi walipochelewa kulipa, Wafaransa na Wabelgiji wakaingia kwa majeshi katika bonde la Ruhr, penye makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Wafanya kazi wa huko wakagoma, na serikali ya Berlin ikataka kuwalisha wagomaji hao. Nayo haikuwa na fedha, ikachapa karatasi. Ilikwisha kuchapa nyingi tangu wakati wa vita, lakini mwaka ule mitambo haikulala usiku wala mchana. Ilipofika Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa marki 4,200,000,000,000. Msikie vema, ndugu makarani, ninyi mnaoandika hesabu: karani wa hazina wa siku zile alipaswa kuandika sifuri kumi na moja kwa ajili ya dola moja tu. Watu walilipwa mshahara asubuhi wakakimbia sokoni kabla ya adhuhuri, maana jioni fedha ile haikuweza kununua hata nusu.

Nani aliyeumia? Si mwenye kiwanda. Yeye alikuwa na mashine na majengo, na deni lake alilipa kwa karatasi. Si mkulima, kwa kuwa alikuwa na viazi vyake. Aliyeangamia ni mtu wa mfano wetu: karani, mwalimu, mjane wa mtumishi, mzee wa pensheni, kila aliyeweka akiba kidogo kidogo katika benki kwa miaka thelathini akitumaini kujenga nyumba. Fedha mpya ilipotolewa mwezi ule ule, marki moja mpya ilichukua mahali pa marki 1,000,000,000,000 za zamani. Akiba ya maisha ya mtu haikununua stempu ya barua. Nasi twaamini kwamba yaliyofuata miaka kumi baadaye hayafahamiki bila kumkumbuka mtu huyo na kitabu chake cha benki.

Katika mwaka huo huo wa 1923, tarehe 1 Septemba, Japani ilipigwa na tetemeko la nchi. Tokyo na Yokohama zikaungua, na watu zaidi ya laki moja wakafa. Serikali ikakopa ili kujenga tena, na madeni yale yakaja kuvunja mabenki mwaka 1927. Twaona hapo tofauti ya kwanza. Dhiki ya Mdachi ilikuwa na mtu wa kulaumiwa, au alifikiri hivyo: Mfaransa, mkataba, na wale waliotia sahihi. Dhiki ya Mjapani ilitoka chini ya ardhi.

Siasa zao pia hazikufanana. Wadachi walijiwekea katiba mpya mwaka 1919 katika mji wa Weimar. Wanaume na wanawake wote wakapiga kura, na kila chama kikapata viti kwa hesabu ya kura zake. Japani ilikuwa na katiba ya mwaka 1889, iliyotolewa na Mfalme kama zawadi. Baraza lilikuwapo, na vyama vilikuwapo, na mwaka 1925 wanaume wote wa miaka 25 na zaidi wakapewa kura. Lakini mwaka ule ule ikatungwa sheria ya kuwafunga waliotaka kugeuza namna ya dola au kuondoa haki ya kumiliki mali. Mkono mmoja ulitoa, mwingine ukashika fimbo. Tena jeshi la nchi kavu na la bahari halikuwa chini ya mawaziri, bali chini ya Mfalme mwenyewe. Na jeshi likikataa kumtoa waziri wake, serikali yote haiwezi kusimama. Tundu hilo katika katiba lilikuwa dogo mwaka 1889. Baadaye jeshi zima lilipita humo.

Miaka michache ya kati ilikuwa na nafuu. Wamarekani waliwakopesha Wadachi tangu 1924, viwanda vikavuma, na mwaka 1926 Ujerumani ikakubaliwa katika Chama cha Mataifa. Tusikae sana hapo. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na wakopeshaji wakataka fedha zao.

Mwanzoni mwa 1932 Wadachi wasio na kazi walifika milioni 6. Waziri Mkuu Brüning akatawala kwa amri za Rais pasipo kungoja Baraza, akaongeza kodi, akapunguza mishahara ya watumishi wa serikali mara kwa mara. Huko Japani anguko lilikuja kwa njia ya hariri. Wakulima wengi wa Japani walifuga nondo wa hariri ili wapate fedha taslimu, kama wakulima wetu wa Majita na Kiriba walivyolima pamba, na mnunuzi mkubwa alikuwa Marekani. Wamarekani walipoacha kununua soksi za hariri, bei ikaanguka karibu nusu. Katika majimbo ya kaskazini mavuno nayo yalipoharibika, wazee waliwatoa binti zao kwa mawakala wa viwanda vya nguo na hata wa nyumba za ukahaba, kwa fedha ya kutangulia. Twasema hili kwa sauti ndogo, lakini twalisema.

Mjapani mmoja mzee, Takahashi Korekiyo, aliyepata kuwa Waziri Mkuu zamani, alirudi kushika hazina Desemba 1931. Aliitoa sarafu ya yen katika kipimo cha dhahabu, thamani yake ikashuka zaidi ya nusu ikilinganishwa na dola, na ghafula bidhaa za Japani zikawa rahisi duniani kote. Alikopa akatumia, akawapa watu kazi, na nchi yake ikainuka upesi kuliko nchi nyingi za Ulaya. Wenye elimu ya uchumi humsifu hata leo.

Hapo ndipo Japani ilipotufikia. Kampuni ya meli ya Osaka ilikuwa imefungua safari za Afrika Mashariki tangu 1926. Sasa yakaja marobota ya shuka na kaniki, kanga, viatu vya turubai vyenye soli ya mpira, taa, vikombe, masanduku. Marobota hayo yalishushwa Mombasa, yakapanda gari la moshi hata Kisumu, ndipo meli za Ziwa zikayaleta Musoma na Mwanza. Ilipokaribia 1933 Japani iliishinda Uingereza kwa wingi wa yadi za nguo za pamba zilizouzwa nje. Wenye viwanda wa Manchester wakalia, na mwaka 1934 serikali ya London ikaweka kiasi cha nguo za Japani kiruhusiwacho kuingia katika makoloni mengi. Lakini si katika nchi zetu! Maana mkataba wa Berlin wa 1885, uliofuatwa na ule wa Saint-Germain wa 1919, uliamuru kwamba katika bonde la Kongo na nchi zilizo mashariki yake mpaka Bahari ya Hindi, biashara ya mataifa yote iwe sawa. Mkataba ambao wakubwa wa Ulaya waliufanya walipokuwa wakitugawanya kama nyama, wasituulize neno, ulikuja kumvika nguo rahisi mkulima wa Kiriba miaka hamsini baadaye. Sidhani Bismarck aliliwaza hilo.

Na nguo rahisi ilikuwa neema kubwa wakati ule. Bei ya pamba ilikuwa imeanguka kama bei ya hariri, na kodi haikuanguka pamoja nayo. Vijana wengi wa wilaya walikwenda kutafuta kodi katika machimbo ya dhahabu, Buhemba na Kiabakari, maana dhahabu peke yake ilipanda bei wakati kila kitu kiliposhuka. Mzee wetu wa Kiriba alituambia kwamba viatu vyake vya kwanza vilikuwa vya Kijapani. Alivivaa siku za Jumapili tu, akavibeba mkononi njiani, navyo vilikatika kisigino kabla ya mwaka. Hakumlaumu mtu. Alisema kwa bei ile hata angevinunua tena. Swali la nani aliyelipa sehemu iliyobaki ya bei hakupata kuulizwa, nasi tumekwisha kulijibu: ni wasichana wa viwandani, waliolala mabwenini chini ya ulinzi mpaka deni la baba zao liishe. Kazi ya usiku kwa wanawake ilikatazwa Japani mwaka 1929 tu.

Sasa tutazame jinsi dola hizi mbili zilivyopotea njia, maana hawakupita njia moja.

Ujerumani ilipotea kwa kura na kwa sheria. Chama cha Hitler kilikuwa na viti 12 mwaka 1928, viti 107 mwaka 1930, viti 230 Julai 1932. Wengi husema, "Njaa ilimleta Hitler." Sisi hatuyakubali maneno hayo yote. Novemba 1932 njaa ilikuwapo bado, na viti vyake vilipungua vikawa 196. Mtu huyu alikuwa ameanza kushuka. Ni wazee wachache waliomzunguka Rais Hindenburg, wenye mashamba na vyeo, waliofikiri wanaweza kumpanda kama punda. Wakamfungulia mlango tarehe 30 Januari 1933. Tarehe 23 Machi Baraza likampa uwezo wa kutunga sheria bila Baraza. Njaa ilijaza nyumba kuni, kweli, lakini kiberiti kilikuwa mikononi mwa watu wenye majina.

Japani ilipotea kwa risasi. Waziri Mkuu Hamaguchi alipigwa Novemba 1930, akafa Agosti mwaka uliofuata. Septemba 1931 maofisa wa jeshi lililokuwa Manchuria walitega baruti katika reli yao wenyewe, wakawasingizia Wachina, wakaiteka nchi ile pasipo ruhusa ya serikali. Na serikali, badala ya kuwaadhibu, ikawafuata nyuma. Tarehe 15 Mei 1932 Waziri Mkuu Inukai aliuawa na vijana wa jeshi la bahari nyumbani kwake. Takahashi, yule mzee wa hazina, alipoona uchumi umepona alitaka kuzuia fedha za jeshi. Wakamuua kitandani tarehe 26 Februari 1936, naye ana miaka 81. Hakuna Hitler katika habari hii. Hakuna mtu mmoja aliyechukua dola. Kila mwenye madaraka alijifunza kunyamaza ili aishi, na mwisho wake jeshi likawa linasema peke yake.

Chama cha Mataifa kililaumu jambo la Manchuria. Machi 1933 Japani ikatangaza kujitoa. Oktoba mwaka huo huo Ujerumani ikajitoa. Novemba 1936 zikafanya mapatano juu ya Urusi.

Ndugu watumishi, hatukutaka kupita bila kusema habari za wenzetu wa kazi. Mwaka 1929 serikali ya Japani ilipotaka kupunguza mishahara ya maofisa, mahakimu wenyewe walipinga, na shauri lile likarudishwa. Mwaka 1931 likaletwa tena likapita. Huko Ujerumani halikuwa jambo la mshahara tu. Tarehe 7 Aprili 1933, miezi miwili na siku chache baada ya Hitler kushika madaraka, ilitoka sheria yenye jina zuri la "kurudisha utumishi wa kweli wa serikali." Kwa sheria hiyo waliondolewa watumishi walio Wayahudi, isipokuwa kwanza wale waliopigana vitani au waliokuwa kazini tangu kabla ya vita, na pia wote walioshukiwa kwa siasa. Aliyetumika chini ya miaka 10 hakupewa hata pensheni. Mwenye meza ya pili aliona meza ya kwanza imekuwa tupu asubuhi. Naye aliyepandishwa cheo kukaa pale alifanya nini? Wengi sana walikaa. Kisha Agosti 1934, Hindenburg alipokufa, kila mtumishi aliapishwa upya. Zamani kiapo kilikuwa cha kushika katiba na sheria. Sasa kilitaja jina la mtu, Adolf Hitler, kwamba atatiiwa. Sisi tulioapa kushika siri za ofisi twajua kiapo kina uzito gani. Tumejadiliana jambo hili sisi kwa sisi kabla ya kuja hapa, wala hatukupatana: mmoja wetu asema mwenye watoto watano hakuwa na njia nyingine, mwingine asema makarani, kama wangekataa wote siku moja, barua zisingeandikwa. Tumeliacha hivyo.

Na sisi huku tulikaribia kuingia katika kiapo hicho. Wadachi walikatazwa kurudi Tanganyika baada ya vita, lakini mwaka 1925 waliruhusiwa, na ilipofika 1939 walikuwa kiasi cha elfu tatu, wakilima kahawa na mkonge huko Usambara, Kilimanjaro, Oldeani na nyanda za juu za kusini. Chama cha Hitler kilikuwa na matawi yake kati yao. Hitler alidai makoloni yarudishwe, akisema taifa lake halina nafasi. Biashara ya Ujerumani na makoloni yake yote kabla ya 1914 haikufika sehemu moja katika mia ya biashara yake ya nje. Kwa hiyo dai lile lilikuwa la heshima zaidi kuliko la mkate. Mwaka 1938, Waingereza walipompa sehemu ya nchi ya Wacheki ili anyamaze, walowezi wa Kenya na Tanganyika waliogopa kwamba sadaka itakayofuata ni Tanganyika, wakaunda umoja wa kuipinga. Waafrika nao waliogopa. Wazee waliokumbuka kiboko na vita vya Majimaji walikuwapo bado; na karani aliyejifunza Kiingereza na kuandika kwa Kiingereza alijua kwamba siku moja angeweza kuambiwa aanze tena, kwa bwana mwingine, bila mtu kumwuliza.

Haikuwa hivyo. Septemba 1939 vita vikaanza, na Wadachi wa Tanganyika wakakamatwa wakawekwa kizuizini, mashamba yao yakawa chini ya msimamizi. Nguo za Japani ziliendelea kidogo. Julai 1941 mali ya Wajapani ikafungwa katika nchi za Waingereza, Desemba vita vikawafikia wao pia, na madukani nguo ikawa adimu hata ikagawiwa kwa kipimo. Vijana wa Tanganyika waliingia jeshi la K.A.R. Mwaka 1944 vikosi vyao vilikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, mvua za masika zikinyesha, wakiwasukuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Wengi wao walikuwa watoto mwaka 1933, na nguo waliyokwenda nayo shuleni ilitoka Osaka. Huko porini ndiko walikowaona kwa mara ya kwanza watu wa nchi ile iliyowavika.